Pingili za Uzi Hai

Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Aghalabu msemo huu ni wa kweli, ila vipo viumbe ambavyo hata mwenye macho makali hana budi kuambiwa atazame, aonyeshwe pa kutazama, na kisha afundishwe kusubiri. Miongoni mwavyo ni bakteria wa jamii ya Streptomyces, wakazi wa udongo wa kila bara. Hakuna mtoto wa shamba asiyeijua harufu ya ardhi inapopigwa na mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu. Harufu hiyo hutokana kwa kiasi kikubwa na kemikali iitwayo jeosmini, na bakteria hawa ndio watengenezaji wake mashuhuri. Pua ya binadamu huitambua jeosmini majini hata ikiwa sehemu chache tu katika trilioni. Kwa hivyo binadamu amewanusa bakteria hawa tangu jadi. Kuwaona wakiishi ndiko kulikokawia.

Binti mmoja aliyelelewa viungani mwa Mumias, magharibi mwa Kenya, katika boma lililozungukwa na mashamba ya miwa, alijikuta mwaka 2022 akisomea shahada ya uzamili katika chuo kimoja nchini Uingereza. Kazi aliyopangiwa ilikuwa kuwatazama bakteria hao wakikua. Alipompigia simu nyanya yake, ambaye kwa desturi ya kwao humwita Kukhu, ajuza huyo alicheka kwanza.

"Kutazama nako ni kazi, mjukuu wangu?"

"Ni kazi, Kukhu. Hata posho napewa."

"Basi huku kwetu tuna matajiri wengi wasiojijua. Wapo wanaotazama barabara tangu asubuhi."

Mjukuu alicheka pia, lakini mzaha ule ulimchoma kidogo. Alikuwa na wiki tatu maabarani na hakuwa ameona kitu.

Ili kuielewa kazi yenyewe, ni sharti kwanza kukifahamu kiumbe chenyewe. Bakteria wengi wanaosomwa shuleni ni seli moja moja: seli hurefuka, hugawika katikati, zikawa mbili, na mambo yakaishia hapo. Streptomyces hana mwenendo huo. Maisha yake huanza kwa spora, yaani chembe ndogo iliyolala, inayoweza kustahimili ukame. Ipatapo maji na chakula, spora huvimba na kuchomoza uzi. Uzi hurefuka, hutoa matawi, na matawi hutoa matawi mengine, hata pakatokea utando uliosokotana ndani ya udongo. Chakula kikipungua, nyuzi nyingine huinuka juu hewani na kujikatakata kuwa mnyororo wa spora mpya. Kwa sababu ya sura hiyo, wataalamu wa kale walidhani jamii hii ni ya kuvu. Mwaka 1877 Mjerumani Carl Otto Harz alipokipa jina kiumbe wa ukoo huu kilichokuwa kikivimbisha taya za ng'ombe, alikiita Actinomyces, maana yake kuvu wa miale. Jina limebaki ingawa ilikwisha kubainika kwamba ni bakteria halisi. Unene wa uzi mmoja hukaribia mikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita.

Katika vitabu vya kiada maisha haya huchorwa kama duara: spora, uzi, utando, nyuzi za hewani, kisha spora tena, huku mishale ikiunganisha hatua moja na nyingine. Binti huyo aliwahi kuikariri michoro hiyo kwa ajili ya mtihani na akapata alama nzuri. Ni maabarani ndipo alipotanabahi kwamba kwa miaka mingi kila hatua katika duara lile ilitokana na kiumbe tofauti, tena aliyekwisha kufa. Mtafiti alikuwa akiwachukua bakteria wa saa ya kumi na kuwaua kwa kemikali, akawatia rangi, akawapiga picha. Kisha aliwachukua wengine wa saa ya ishirini na kuwafanyia vivyo hivyo. Picha zilikuwa za kweli. Mishale iliyoziunganisha ndiyo iliyokuwa kazi ya fikra. Ni sawa na mtu aliyeonyeshwa picha ya mtoto mchanga wa boma moja, kijana wa boma la pili na mzee wa boma la tatu, akatakiwa asimulie maisha ya mtu mmoja. Anaweza kusimulia vizuri, ila hakushuhudia.

Jambo hili lingekuwa la wasomi peke yao lau Streptomyces hangekuwa amegusa boma lile la Mumias mapema sana. Mnamo Oktoba 1943, katika maabara ya chini ya ardhi kwenye Chuo Kikuu cha Rutgers, jimbo la New Jersey, Marekani, mwanafunzi wa uzamifu mwenye umri wa miaka 23, Albert Schatz, aligundua kwamba Streptomyces griseus hutoa dutu inayoviua vijidudu ambavyo penisilini haikuviweza. Dutu hiyo iliitwa streptomaisini, nayo ikawa dawa ya kwanza ya viuavijasumu kukitibu kifua kikuu. Mwalimu wake, Selman Waksman, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Schatz hakutajwa katika tuzo ile, ijapokuwa mashtaka aliyoyawasilisha mwaka 1950 yalimalizika kwa yeye kutambuliwa kuwa mgunduzi mwenza.

Kukhu hakuwahi kuyasikia majina hayo mawili. Alichokijua ni kwamba mwaka 1968 mumewe alianza kukohoa damu, na kwamba watu wa kijiji walianza kukwepa kikombe alichonywea. Alidungwa sindano kila siku kwa majuma mengi, kisha akameza vidonge kwa mwaka mmoja na ushei. Alipona. Alilima miwa kwa miaka 30 baadaye na kuwaona wajukuu. Lakini tangu sindano zile, masikio yake yalivuma, kisha yakafifia, hata ikawa ni lazima kumshika bega kabla ya kusema naye. Madhara hayo yanajulikana vyema: streptomaisini huweza kuharibu neva ya sikio la ndani, inayohusika na kusikia na kusimama wima. "Dawa ile ilimpa pumzi, ikamdai masikio," Kukhu alizoea kusema, bila kulalamika, kama mtu anayesoma hesabu za duka. Mjukuu alikuwa amelisikia neno hilo utotoni mara nyingi. Ni katika mwaka wa pili wa chuo, Mhadhiri alipoandika jina la dawa ubaoni na chini yake jina la bakteria, ndipo alipofahamu kwamba deni lile lilitoka udongoni.

Kumtazama bakteria akiwa hai kunataka masharti kadhaa yatimizwe kwa pamoja, na sharti moja likikosekana mengine hayafai kitu. Kwanza ni uchaguzi wa kiumbe. Wengi katika jamii hii huzaa spora kwenye nyuzi zilizoinuka hewani, na uzi ulioinuka hutoka nje ya kina ambacho hadubini huweza kukiona kwa uwazi. Ndiyo sababu watafiti walimgeukia Streptomyces venezuelae, aliyetolewa katika udongo wa Venezuela na kuipa dunia dawa ya kloramfenikoli mwaka 1947. Huyu huweza kuyakamilisha maisha yake yote akiwa ndani ya maji, tena kwa muda wa siku moja hivi. Pili ni makao. Kiumbe hufungiwa katika chumba cha kioo chenye kina cha mikromita chache tu, kiasi kwamba hulazimika kutandaa bapa, huku chakula kikipitishwa polepole katika mifereji myembamba na joto likidumishwa kwenye nyuzijoto 30.

Tatu ni taa. Uzi wa Streptomyces ukiangaliwa hivi hivi ni kama mstari wa penseli: sura yake huonekana, shughuli za ndani hazionekani. Hapa wanasayansi walisaidiwa na kiumbe wa baharini wa jina la Aequorea victoria, mwenye protini ing'aayo rangi ya kijani. Ugunduzi na uendelezaji wa protini hiyo ulituzwa Nobel mwaka 2008. Jeni yake, au ya ndugu zake waliobadilishwa rangi, huunganishwa na jeni ya protini anayotaka mtafiti kuifuatilia; kuanzia hapo protini hiyo hutembea na taa yake. Mwaka 2016 watafiti wa Kituo cha John Innes mjini Norwich, Uingereza, wakishirikiana na mwenzao wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walichapisha maelezo kamili ya jinsi ya kuyafuata maisha yote ya S. venezuelae kwa namna hii, tangu spora hadi spora. Njia hiyo ndiyo aliyokuwa akiifuata binti wa Mumias.

Usiku wa kwanza chakula kilipita kwa kasi, kikazizoa spora zote. Usiku wa pili zilibaki, zikachipua, lakini kioo kilisogea kwa upana wa unywele na asubuhi palikuwa na picha mia moja za ukungu. Usiku wa tatu ndio uliomuumiza zaidi. Kila kitu kilikwenda sawa, naye kwa tamaa ya kuona vizuri akaongeza nguvu ya taa na kupunguza muda baina ya picha moja na nyingine. Kufikia usiku wa manane nyuzi zilikuwa zimesimama. Hazikukua tena. Mwanga mkali huzalisha kemikali haribifu ndani ya seli. Kwa kutaka kuviona viumbe vile kupita kiasi alikuwa ameviua. Aliyemwongoza hakumkaripia. Alimwambia tu kwamba kila mtu katika maabara ile aliwahi kufanya hivyo mara moja, na kwamba wanaoendelea ni wale wasiofanya mara ya pili.

Usiku wa tano alipunguza mwanga, akaketi.

Aliona spora ikivimba na kuchomoza uzi. Aliona kwamba uzi haukurefuka mwili mzima kama unga unaoumuka. Ulikua nchani peke yake, na nchani hapo paling'aa nukta moja. Nukta hiyo ni protini iitwayo DivIVA, ambayo hukusanyika kwenye ncha na kuelekeza ujenzi wa ukuta mpya. Kadiri ncha ilivyosonga, kipande kidogo cha nukta kilibanduka na kubaki nyuma, kikajishikiza ubavuni mwa uzi. Baadaye, mahali hapo hapo, tawi jipya likachomoza. Tawi lilikuwa limepandwa kabla halijaonekana. Huku nyuma, mbali na ncha, palijengeka kiambaza kimoja hapa na kingine pale, vikiugawa uzi katika vyumba virefu bila kuukata.

Baada ya saa nyingi alibadilisha chakula, akapitisha maji ya chakula kilichokwisha kutumiwa na bakteria wengine, ambayo ni ishara ya njaa. Nyuzi ziliendelea kukua kwa muda. Kisha ncha zikasita. Ndani ya uzi mmoja, protini ya pili aliyoitia rangi, FtsZ, ilianza kuchangamka. Katika bakteria wengi FtsZ ndiyo huunda pete pale seli itakapogawika, nao hawawezi kuishi bila hiyo. Streptomyces ni kinyume: mwaka 1994 ilithibitishwa kwamba akinyang'anywa jeni ya FtsZ hafi, hubaki kuwa uzi unaokua usio na viambaza, ila hawezi kuzaa spora. Binti aliona mng'aro ukizunguka ndani ya uzi kama moshi ndani ya chupa, ukijikunja na kujikunjua. Baadaye kidogo mng'aro ukatulia, na uzi mzima ukawa na pete zilizopangika kwa nafasi sawa, mithili ya vidato vya ngazi. Pete zilitokea kwa pamoja. Pale palipokuwa na kila pete pakajengeka kiambaza, uzi ukaanza kubonyea kwenye viungo, na kufikia mapambazuko ulikuwa mnyororo wa spora zilizokuwa zikijiandaa kuachana.

Jumapili iliyofuata alipiga simu nyumbani.

"Mulembe, Kukhu. Sasa nimeona."

"Umeona nini?"

Swali hilo lilimtia mashakani. Kwa Kiingereza angejibu kwa sentensi moja iliyokwisha kupangwa na wengine. Kwa Kiswahili walichozoea kuzungumza naye hakuwa na sentensi hata moja. Alianza kwa mboga: alisema uzi hukua kama mboga ya maboga, nchani, na kutambaa ukitoa matawi. Kukhu alikubali. Alipofika kwenye pete na viambaza, alikwama. Alisema ni kama ngazi. Kukhu aliuliza ngazi ya kupandia wapi. Alisema ni kama shanga. Kukhu aliuliza nani amezitunga.

"Sikiliza," akasema Kukhu hatimaye. "Kitu kirefu, kina viungo, kila kipande kati ya viungo kinaweza kuota kikawa kitu kizima. Mjukuu wangu, umezaliwa ndani ya miwa. Hizo si pingili?"

Ndizo hasa. Muwa haupandwi kwa mbegu. Hukatwa vipande vyenye macho, vikafukiwa, na kila kipande kikaota. Binti alilichukua neno hilo na kulitumia katika daftari lake la maabara. Lakini siku chache baadaye, akizitazama tena picha zake moja baada ya nyingine, aligundua kwamba mfano ule, pamoja na uzuri wake, ulikuwa na tofauti moja kubwa. Muwa huongeza pingili moja moja kadiri unavyorefuka; wa chini ndio wa kale, wa juu ndio mchanga. Uzi wa Streptomyces hukua kwanza, husita, kisha hujikata pingili zote kwa mkupuo. Mtu aliyepewa picha ya uzi mfu wenye viungo hana jambo lolote machoni mwake la kumkataza kudhani kwamba ulijengwa kama muwa. Anayeketi nao ndiye anayeujua utaratibu wake.

Alimpigia Kukhu kumweleza kosa hilo, akihofia asije akamvunjia heshima.

"Hayo umeambiwa au umeyaona?" akauliza Kukhu.

"Nimeyaona, Kukhu. Nilikaa nayo usiku kucha."

"Basi ni ushahidi. Mimi nilikuwa nakisia kwa ninachokijua."

Ndivyo ajuza wa Mumias alivyoeleza, kwa maneno machache, tofauti iliyowachukua wasomi vitabu vingi.

Huenda msomaji akauliza tofauti hiyo ina faida gani kwa mgonjwa. Jibu ni kwamba bakteria hawa hawatoi dawa wakati wote. Aghalabu huanza kuzitoa pale wanapogeuka kutoka kukua kwenda kuzaa spora, katika njaa ile ile inayozisimamisha ncha. Mwaka 2002, orodha kamili ya jeni za Streptomyces coelicolor ilipochapishwa, zilihesabiwa jeni 7,825, na miongoni mwake makundi zaidi ya 20 yenye dalili za kutengeneza kemikali maalumu, nyingi zikiwa hazijawahi kuonekana maabarani. Maana yake ni kwamba ghala lina vyumba ambavyo havijafunguliwa, na ufunguo wake umo katika kujua kiumbe huamua lini, na kwa ishara gani, kuacha kukua. Haja nayo si ndogo. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria waliokwisha kuwa sugu kwa dawa. Kifua kikuu chenyewe, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kiliua watu milioni 1.25 mwaka 2023.

Wala Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu katika historia hii. Jaribio lililoanza mwaka 1970 katika hospitali za kanda hii, likaripotiwa mwaka 1972, ndilo lililoonyesha kwamba kwa kuchanganya streptomaisini na isoniazidi, kisha kuongeza rifampisini au pirazinamidi, kifua kikuu kingeweza kutibiwa kwa miezi 6 badala ya mwaka na nusu. Rifampisini nayo asili yake ni bakteria wa udongo mwenye nyuzi. Wagonjwa wa jaribio lile ni watu wa kizazi cha mume wa Kukhu, na wengi katika ulimwengu waliopona baadaye wanawiwa nao. Yeye mwenyewe aliugua miaka miwili kabla.

Mwishoni mwa mwaka ule binti alituma nyumbani filamu fupi ya sekunde 40, ambamo usiku mzima ulikuwa umefinyangwa. Mpwa mmoja alimshikia Kukhu simu. Ajuza aliitazama, akaomba irudiwe, akaitazama tena mpaka pete zilipotokea.

"Ndiye huyu aliyemtibu babu yako?"

"Si yeye, Kukhu. Huyu ni wa ukoo mmoja na yule."

"Ni jamaa, basi," akasema. Alinyamaza kidogo. "Na masikio? Mtapata dawa isiyodai masikio?"

Mjukuu angeweza kusema ndiyo ili kumfurahisha. Alisema kwamba dawa za sasa za kifua kikuu cha kawaida hazina sindano ile tena, na kwamba kwa wale wenye kifua kikuu sugu kazi bado inaendelea. Kisha akasema kwamba yeye anatazama tu, na kutazama ni mwanzo.

"Tazama, basi," akasema Kukhu. "Lakini punguza taa."